Safari ya Mtunda Kuitafuta Sauti ya Mwanahawa

Niliondoka Mbagala kwa sababu ya mwanamke aliyepoteza sauti. Nesi Upendo, Mnyiramba niliyesoma naye zamani, ambaye sasa anafanya kazi Kibiti, alinipigia simu.

"Mwanahawa kapigwa na mumewe miaka sita. Sasa kamshtaki. Mara mbili amesimama mahakamani, midomo inacheza, neno halitoki; sasa hata nyumbani hasemi. Koo limepimwa, ni zima. Watu wa mume wanasema anayenyamaza ni mwongo. Kesi inarudi Alhamisi. Njoo, shoga yangu."

Mimi ni mshauri nasaha. Kwa miaka kumi na minne nimewahudumia wanandoa na watu walionyanyaswa, nikianzia mwilini: pumzi, mabega, nyayo. Woga hubaki mwilini hata mpigaji akishakwenda zake.

Jumatatu, saa nne asubuhi, nilishuka stendi ya Kibiti. Upendo alinipakia kwenye pikipiki yake, tukaifuata njia ya mchanga katikati ya mikorosho hadi Mtunda. Bi Mwajuma, mama yake Mwanahawa, alitupokea uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mkoba mdogo? Dawa umetia wapi?"

"Sina dawa, mama. Nitamfundisha kupumua."

"Kupumua mbona anapumua!"

Mwanahawa alinipa mkono bila kuniangalia. Mabega yake yalikuwa yamepanda karibu na masikio.

Jumanne nilishindwa. Nilimkalisha chumbani, nikafunga mlango, nikamwambia afumbe macho. Alishtuka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Kosa lilikuwa langu: mlango uliofungwa ndio alioujua miaka yote sita. Nilimwomba radhi, nikatoka nje nikiona aibu kama mwanafunzi.

Jioni hiyo nilimwuliza Bi Mwajuma, "Mwili wake hutulia wapi?"

Hakufikiri. "Shambani. Akiwa juu ya dungu hana habari na mtu."

Jumatano, kabla jua halijachomoza, tulishuka bondeni. Mpunga ulikuwa umeshaanza kukomaa, na kwelea hawakuwa na simile. Mwanahawa alipanda dungu, kile kichanja cha miti cha kuwingia ndege, nami nikamfuata. Huko juu mabega yake yalishuka yenyewe. Alikuwa akifukuza ndege kwa kupiga debe.

Nikamwambia aache macho wazi, akanyage miti kwa nguvu, aweke mkono tumboni, ashushe pumzi polepole. Tulifanya hivyo mpaka jua likatuchoma.

"Kundi lijalo tulifukuze bila debe. Unakubali?"

Akaitikia kwa kichwa. Ndege waliposhuka nilipiga kelele mimi kwanza, sauti ikanikatikia kama ya jogoo mchanga. Mwanahawa akacheka, na kicheko chake kilisikika! Naye akavuta pumzi.

"Haooo! Tokeni! Mpunga wangu huu! Wangu!"

Chini, Bi Mwajuma alidondosha jembe. "Mwanangu kasema! Jamani, kasema!"

Mwanahawa alitetemeka mwili mzima, machozi yakimtiririka. Sikumzuia. Nilimwambia, "Acha woga utoke," naye akaendelea kupiga kelele mpaka bonde zima likabaki bila ndege.

Alhamisi, mahakamani, hakimu alimwuliza jina. Kimya. Mumewe akatabasamu. Nikaona vidole vya miguu ya Mwanahawa vikikandamiza sakafu, mkono ukienda tumboni.

"Naitwa Mwanahawa. Mheshimiwa, nina mengi."

Aliyasema yote, siku baada ya siku, kipigo baada ya kipigo. Yule mume aliacha kutabasamu, akawa anatazama viatu vyake. Tulipotoka, Bi Mwajuma alipiga vigelegele. Askari akamwomba apunguze, akaongeza.

Ijumaa nilirudi Mbagala. Nilikwenda Mtunda nikidhani natibu kwa ufundi wangu, kumbe ufundi huo ulikuwa unangoja kuambiwa mahali pa kuanzia. Siku hizi mteja akija, kabla ya yote namwuliza ni wapi mwili wake hauogopi, na tunaanzia huko, hata kama ni jikoni au kisimani.

Hukumu ilipotoka, aliyenipigia simu hakuwa Upendo.

"Kafungwa, dada!" alisema Mwanahawa. Kisha akanisimulia mwenyewe, nusu saa nzima, bila kunipa nafasi ya kutia neno.