Niliyesikiliza Simu za Kisukuma

Mimi mdomo ninao, sikatai. Hata leo ukinipita kwenye foleni ya benki utanisikia. Ndiyo maana najishangaa nilivyonyamaza mwaka ule.

Nilikuwa mpokea simu katika kiwanda cha minofu ya sangara, kando ya ziwa. Viwanda binafsi ndiyo kwanza vinafunguliwa Mwanza, na sisi wa Mkuyuni mtu akipata kazi huko, mtaa mzima unajua. Simu zote za kiwanda, za kuingia na za kutoka, zilipita kwenye swichibodi yangu. Aliyeniombea kazi ile ni msimamizi wa chumba cha kukatia minofu, mzee mpole wa Magu. Nilimwita baba, naye aliniita mwanangu.

Wafanyakazi walikuwa na desturi yao. Meneja alitoka ng'ambo na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini wasaidizi wake walikijua vizuri. Basi mtu akiwa na la siri, kwenye simu alihamia Kisukuma na kuongea kwa raha zake. Mimi hawakuniogopa, kwa sababu ni Msukuma mwenzao, mtoto wa nyumbani.

Siku moja meneja akaniita. Alisema kuna mtu anapeleka siri zetu kiwanda cha jirani. Akaniagiza nisikilize simu zote za Kisukuma na kumwandikia kwa Kiingereza. Somo la uraia lilikuwa bado linanichemka kichwani, nikamjibu kwamba maongezi ya mtu ni siri yake, hata Katiba inasema. Akacheka. "Simu ni yangu," alisema. "Na hiyo kazi yako ni yangu."

Nikasikiliza. Unabonyeza swichi, unaziba mkonga wa simu kwa kiganja wasisikie pumzi zako. Wiki nzima nilisikia habari za ng'ombe wagonjwa, mahari na pamba iliyonyeshewa. Msaliti hakuwepo. Ila nilianza kuogopa watu niliokunywa nao chai. Kila aliyeniambia "mwangaluka" asubuhi, nilikuwa najua jambo lake, na yeye hajui kama najua. Nikawa siwatazami machoni.

Kila Jumatano saa nne yule mzee alimpigia mkewe, ambaye alikuwa akimsubiri kwenye duka lenye simu kule Magu. Jumatano hiyo aliongea kwa sauti ya chini. Alimwambia amekonda, amekwenda hospitali kupima damu kwa ajili ya ugonjwa huu unaomaliza watu, na majibu bado. "Usimwambie mtu, hata watoto." Mama akalia kidogo, akasema, "Nimwambie nani mimi?"

Niliandika. Ningeweza kuiruka simu ile, lakini niliogopa meneja akigundua nimeficha nitarudi kukaa nyumbani. Jamani, niliandika yote, na neno damu nikaliandika.

Ijumaa mzee akaachishwa kazi. Aliambiwa mtu wa afya yake hawezi kukaa karibu na samaki wa kwenda Ulaya. Na majibu yenyewe hayajatoka! Kufikia mchana kiwanda kizima kilijua, na kikombe chake cha chai kilikuwa kimetengwa peke yake dirishani.

Alikuja kuniaga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Macho yalikuwa mekundu. "Nilimwambia mtu mmoja tu duniani, mke wangu. Miaka yote hii, kumbe naishi na gazeti! Nikifika namrudisha kwao."

Nikafungua mdomo. Meneja alikuwa amesimama kwenye mlango wa kioo, ananitazama. Nikasema, "Pole, baba." Akaondoka na mfuko wake wa plastiki wenye makoti mawili ya kazi.

Baada ya siku chache simu ikalia, nikapokea. Alikuwa mama mwenyewe, anapiga kutoka kwao.

"Mwanangu, mzee alikuwa anakusifu sana. Amenifukuza. Haki ya Mungu sikumwambia mtu. Wewe ndiye unayeunga simu, hebu nisaidie. Hivi hapo katikati kuna mtu anaweza kusikia? Kama yupo niambie tu, nikamweleze, atanirudisha."

Nilimsikia anavyohema, anangoja.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakuna anayesikia."

Akanishukuru, akanibariki, akakata simu.