Bido ya Tonton na Vidonge Vyangu

Mimi nauza dawa, tena vizuri. Famasi yangu ni ndogo, iko karibu na soko la Kisangani, na mtu akianza kunieleza homa yake, dawa nimeshaitoa kabla hajamaliza kusema. Kwa hiyo mama alipopata kansa ya titi, nilijua ni nani ataongoza mambo.

Dokta alimwandikia seramu ya kansa, ile dawa ya kutiririshwa mshipani, moja kila wiki tatu. Bon. Mdogo wake mama, tonton wetu wa Yanonge, akafika na bido, dumu la lita tano: kongobololo, majani machungu yaliyochemshwa mpaka maji yakawa meusi. Kwetu dawa ambayo ndugu ameileta mtoni kwa pirogi haikataliwi. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Mimi nilinuna, nikamwongezea kitu cha maana: vidonge vya minyoo. Nilikuwa nimesikia kwenye simu kwamba vinaua na kansa pia. Hiyo ni dawa ya boksi, ina karatasi yake ndani! Asubuhi na jioni nilimsimamia mama mpaka ameze.

Siku ya seramu ya tatu, macho ya mama yalikuwa ya njano. Dokta akapima damu, akasema ini limechoka, seramu zinasimama, na ini lisipopona hataweza kuzirudisha. Niliogopa sana. Akaomba tuweke mezani kila kitu mama anachokunywa. Tonton akaweka bido, mimi nikaweka boksi langu.

"Dokta, shida iko ile bido," nilisema.

"Mimi sijui iko gani," alijibu. "Kuna dawa za zamani zenye kupata kazi mupya, na majani yenye kusaidia, lakini lazima zipimwe kwanza, tujue kiasi. Nyinyi mulichanganya bila kuniambia. Donc, muache zote mbili."

Tonton alirudi Yanonge kichwa chini. Nilimfokea mpaka bandarini.

Baada ya wiki kadhaa macho yakawa meupe, seramu ikarudi. Nilikaa kando ya kitanda, nimejaa furaha.

"Unaona, mama? Tonton alitaka kukuua."

Mama akanitazama.

"Dawa ya tonton sikukunywa hata siku moja. Nilikuwa namwaga nyuma ya nyumba, sababu sikutaka kumupa haya. Yako ndiyo nilikunywa yote. Si wewe ndiye unajua dawa?"

Nililia pale pale, mbele ya wagonjwa wote, nimemshika ule mkono usio na sindano.