Risasi Tuliyoitupa Chooni

Jirani yangu Mabruka alimlea mwanawe wa pekee, Lazhar, kwa kukata nyasi za alfa milimani na kuziuza kwenye kiwanda cha karatasi hapa Kasserine, Tunisia. Kijana akasoma hadi akapata shahada ya hesabu, kisha akarudi kukaa kijiweni na kutukanwa na polisi kila siku. Watu wakiniuliza mapinduzi yalitoka wapi, nawaambia yalitoka hapo kijiweni, wasinichoshe.

Januari ile ya 2011 Lazhar alipigwa risasi ya paja kwenye mazishi ya rafiki yake aliyeuawa na polisi. Polisi walikuwa langoni mwa hospitali wakiwakamata majeruhi, basi tukamwita jirani anayetibu kondoo, akaitoa risasi juu ya meza ya jikoni. Nyumba zilikuwa zinapekuliwa. Mimi ndiye niliyesema, "Mabruka, choma hiyo suruali haraka!" Akaichoma kwenye tanuri la mkate, na risasi tukaitupa chooni. Tulijiona wajanja kweli.

Siku chache baadaye rais akakimbia. Tulipiga vigelegele hadi sauti zikakauka.

Kisha ikaja habari ya orodha ya waliouawa na majeruhi wa mapinduzi: majeruhi aliyemo atatibiwa bure na kupewa kazi. Wakati huo mfupa wa Lazhar ulishaanza kuoza. Kwa miaka kumi Mabruka alipanda basi kwenda Tunis, na kila serikali mpya ilikuja na karani mpya mwenye swali lile lile. Safari ya mwisho nilimsindikiza.

"Cheti cha hospitali cha siku hizo, mama."

"Ningempeleka huko wakammalizie?"

"Nakuelewa, mama yangu. Lakini nitajuaje kama hakuanguka tu kwenye ngazi?"

"Ngazi gani, we mtoto? Kwetu ghorofa tunaziona kwenye televisheni!"

Karani alicheka, akaita mwingine.

Orodha ilipotoka, kwa kuwa Mabruka hajui kusoma, niliwasomea mimi, mara mbili, kando ya kitanda cha Lazhar. Rafiki yake marehemu yumo, miongoni mwa mashahidi waliouawa. Lazhar hayumo. Na daktari ameshasema mguu utakatwa.

"Mama," alisema Lazhar, "siku ile ungeniacha nifie barabarani, leo ningekuwemo."

Nilidhani mama yake atamkemea. Mabruka alipiga magoti, akaushika ule mguu, akamwomba mwanawe msamaha kwa kumwokoa.