Duka la Mama wa Chumvi

Mama muuza chumvi wa soko la Baraka hakupanga mali kwenye rafu hata siku moja. Chumvi, sabuni na kiberiti vilikaa ndani ya vitenge, na vidole vyake havikuacha kukaza mafundo hata alipokuwa akimpimia mtu. Waziri, mwenye duka kubwa ng'ambo ya barabara, alimcheka. Yeye alikuwa na magunia ya sukari, mizani mipya na karani aliyesoma Bukavu. Mama yule aliajiri mawifi zake wawili baada ya kuwashindanisha kupanda kilima na mizigo kichwani. "Mi sitafute muntu wa kujua hesabu," alimwambia Waziri kwa sauti yake ya chini. "Natafuta magoti."

Asubuhi vita ilipofika mjini, karani alikuwa wa kwanza kutoweka. Waziri alikumbatia gunia, akalivuta hatua sita, akaliacha. Mchana, kwenye njia ya kupanda milima ya Fizi, alimkuta mama yule amekaa juu ya jiwe, vitenge vimefunguliwa kando ya mawifi zake, duka lake lote liko wazi, wakimbizi wamejipanga mstari. Mama akamtilia chumvi kwenye jani.

"Chukua bure, papa Waziri," alisema. "Kliya, muteja mupya, hatumulipishe siku ya kwanza."