Wasifu wa Rubani

Msiba hauna kadi ya mwaliko, na hilo ndilo lililoniponza. Mdogo wangu alikuwa rubani wa ndege ya mabomu katika jeshi la nyumbani. Alitunguliwa vitani, akazikwa huko nyumbani kwa heshima zote, nami huku Uswidi, mtaani Hallunda, nikaandaa matanga kwenye ukumbi ulio chini ya ghorofa letu. Picha yake niliiweka mezani, yuko na sare, nishani kifuani. Nilijivunia, kwa nini nifiche?

Jikoni alikuwepo shoga yangu, mtu wa ng'ambo ya mpaka, nchi ile ile tuliyopigana nayo. Huku ugenini mambo ya mpaka tulikuwa hatuyagusi. Yeye ndiye aliyenikanda nilipojifungua, na misiba yetu yote alipika yeye.

Basi shemeji yangu akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Lo, mtu yule na mdomo wake! Badala ya kuishia kwenye shule na ubatizo, akaingia kwenye nishani: marehemu aliipata kwa kulilipua daraja, akalitaja na mji wake. Watu wakapiga makofi. Jikoni mwiko ukanyamaza. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nasikia kuwa ni daraja lile. Dada wa shoga yangu alifia pale, akikimbia na watoto wake.

Shoga yangu akatoka jikoni na sahani. Kwetu mfiwa huanza kula ndipo wengine wanawe mikono. Akaniwekea mbele yangu, mikono imetulia mno. Shemeji akaninong'oneza, "Usile hicho."

"Wewe umeshasema ya kutosha," nikamjibu. Lakini niliogopa, Mungu wangu, niliogopa! Nikatia tonge mdomoni, nikameza. Ukumbi mzima ukanitazama, hata watoto waliokuwa wakibishana kwa Kiswidi.

"Dada," shoga yangu akasema, "chakula nimekupikia wewe, maana wewe ni ndugu yangu. Lakini yule wa pichani akiendelea kunitazama hapo mezani, mie naondoka, na usinitafute tena."

Mama yetu alikuwa kwenye simu ya video kutoka nyumbani, anaona kila kitu. Nilinyanyuka, nikaigeuza picha, mdogo wangu akatazama ukuta, kwenye matanga yake mwenyewe. Shoga yangu akaketi. Kwenye simu mama akawa analia, akiniuliza mwanawe amenikosea nini.