Nyuzi Ziko Juu

Ukulele ni gita iliyokataa kukua: nyuzi nne, shingo fupi, unaibeba kwapani. Mimi huzitengeneza hapa Gatina kwa mbao za vitanda vilivyovunjika, na kusema kweli najivunia sana. Kwa hivyo mathe mmoja wa Soweto West, mama anayefundisha watoto kanisani kwao, aliponirudishia yake akisema nyuzi ziko juu, nimshushie, roho iliniuma kidogo. Lakini mteja ni mteja. Nikalegeza nyuzi, nikashusha sauti mpaka ukulele ikaimba besi kama mzee mwenye homa. Nikampa nikiwa nimeridhika kabisa.

Kesho yake huyo, amerudi. Hakuketi. Aliweka ukulele mezani, akaninyooshea mkono wake wa kushoto nione. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo. Ni baridi yabisi. Akanieleza kwamba gita yake kubwa ilimshinda, ana mwaka mzima hajapiga chochote, na hii ndogo ndiyo tumaini lake la mwisho. Ikimshinda nayo, basi, amemalizana na muziki.

"Si sauti iliyo juu, fundi. Ni nyuzi zenyewe. Ziko mbali na mbao, nikizibonyeza naumia."

Wacha! Kiswahili hiki chetu! Sauti iko juu, uzi uko juu, neno ni lilo hilo, na mimi nikachukua maana iliyonipa kazi rahisi. Mimi na hasira ni chanda na pete, lakini siku hiyo ningemkasirikia nani? Nikacheka. Naye akacheka, akaketi, akakubali chai.

Nyuzi hukalia kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichosimama kwenye tumbo la ukulele. Ukitaka zishuke, unautoa mfupa, unausugua chini kwa msasa, unaurudisha, unajaribu. Pole pole, maana ukizidisha, nyuzi zinagonga vile vyuma vyembamba vilivyopangwa shingoni na kulia zzz, kama nzi ndani ya chupa. Kwangu mlio huo ni aibu. Ukulele inayolia hivyo haitoki mlangoni mwangu.

Basi nikasugua, akajaribu. Akakunja uso. Nikasugua tena, akakunja uso tena, mpaka tukafika pale ambapo mimi huacha. Nikamwambia, mathe, tukishuka zaidi itaharibika sauti. Akasema nishuke tu. Nikashuka shingo upande.

Safari hii vidole vilikaa. Alishika mkao wa kwanza wa vidole, akahamia wa pili, halafu akaanza wimbo wa watoto wake wa Jumapili, akaupiga wote huku amefumba macho. Uzi mmoja ulilia zzz mwanzo hadi mwisho. Aki nilifurahi, na nilitamani kuingia chini ya meza.

Alipomaliza, nikanyoosha mkono. Nikamwambia aniachie hadi jioni, nichonge mfupa mwingine, niinue kidogo tu, unywele mmoja. Aliivuta ukulele kifuani.

"Ukiinua, itanyamaza yenyewe, na mimi pia. Iache ilie, fundi."

Nikarudisha msasa kwenye droo, nikamwomba aurudie ule wimbo.