Fundi Msasa mbele ya ukuta alioufunika mwenyewe

Saa moja na robo asubuhi, fundi anagonga vigae vya bafu kwa mpini wa brashi huku ametega sikio. Ko, ko, ko. Anashuka safu moja. Ko, ko. Anashuka tena, karibu na koki, na sauti inabadilika: bu, bu, kama ngoma iliyolowa.

Anasimama. Hagongi tena.

Mwenye nyumba yuko mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, aliyekabidhiwa funguo za nyumba hii wiki tano zilizopita. Juu ya vigae, rangi nyeupe ya ukuta imevimba malengelenge makubwa kama ya mtu aliyeungua.

"Vipi, fundi? Ni rangi tu, au kuna jingine?"

"Acha kwanza nikwangue, mwalimu," anajibu fundi bila kugeuka.

Mwalimu anarudi jikoni. Fundi anausukuma mlango hadi nusu, anashusha barakoa, na kumwambia mwandishi wa makala haya kwa sauti ya chini: "Hii rangi inayobambuka ni yangu. Niliipaka mwaka jana, na nilijua nyuma yake kuna maji. Usiandike kwanza. Sijui nitafanya nini."

Wenzake wanamwita Msasa. Ana miaka arobaini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia kwenye rangi. Katika kijiwe cha mafundi wanaosubiri wateja nje ya duka la vifaa vya ujenzi wako thelathini na mmoja, wanawake wawili tu, yeye akiwa mmoja wao. Jina alipewa na wanaume wa hapo, kwa kejeli, kwa sababu husugua ukuta muda mrefu kuliko wote.

"Walisema nasugua kama naosha masufuria," anasema. "Leo wakipata mteja msumbufu, asiyeridhika na kitu, wananisukumia mimi."

Akibahatika hupata siku kumi na mbili za kazi kwa mwezi. Kwa zaidi ya mwaka sasa, nusu ya siku hizo zimetoka kwa mtu mmoja, dalali wa nyumba.

Dalali huyo ndiye aliyemleta hapa mara ya kwanza, miezi kumi na minne iliyopita. Nyumba ilikuwa tupu. Bomba lilikuwa linavuja ndani ya ukuta, na ukungu mweusi ulikuwa umepanda kutoka ukingo wa juu wa vigae hadi usawa wa kichwa. Msasa akamshauri aite fundi bomba.

"Alicheka," anakumbuka. "Akaniambia, dada'angu, mimi nauza nyumba, siuzi mabomba. Funika."

Akafunika. Dalali alifunga maji kwenye mita, ukuta ukaachwa siku nne huku Msasa akipaka vyumba vingine, kisha akakwangua juu juu, akajaza puti kwenye nyufa, akapiga rangi ya mafuta mara mbili. Bafu likang'aa. Maji hayakufunguliwa tena mpaka mwalimu alipohamia, na ndani ya wiki tano ukuta ukaanza kutapika.

Safari hii hakuletwa na dalali. Jirani ndiye aliyempendekeza kwa mwalimu, akimsifia mkono wake. Geti lilikuwa limebadilishwa na mti wa uani umekatwa, kwa hiyo Msasa hakupatambua mpaka alipofungua mlango wa bafu na kuona lile dirisha dogo, lililo juu mno, linalofungwa kwa waya.

Mwalimu alitaka bafu jipya kabisa: rangi ya kijani hafifu, sinki jipya, kioo kipya na chuma cha kushikilia ukutani. Chuma hicho ni cha mama yake, mwenye miaka sabini na miwili na pumu. Chumba cha mama kinapakana na bafu, na kitanda chake kimeegemea ukuta huohuo.

Mama mwenyewe hakubali kukaa sebuleni kazi ikiendelea. Anavuta kigoda hadi mlangoni.

"Mwanangu, unakwangua au unabembeleza?"

"Nabembeleza, mama. Ukuta ukinuniwa, nao hununa."

Mama anacheka. Kicheko kinageuka kikohozi, na kikohozi hakiishi upesi. Msasa anasimama na skrepa yake ya kukwangulia hewani mpaka kipite.

Kipande kikubwa cha rangi kinaanguka. Nyuma yake pameiva weusi, na harufu ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo inajaa chumba. Msasa anamwomba mama asogee mbali. Mwalimu anaisikia harufu kutoka jikoni na kuja mbio.

"Nini hiki?"

"Ukungu, mwalimu. Na mama asilale kile chumba."

Mwalimu anagusa ukuta, anautazama mkono wake. Mkopo wa nyumba hii utakatwa kwenye mshahara wake miaka kumi na minane. Hapandishi sauti, na afadhali angepandisha.

"Kwa hiyo aliyepaka aliona. Aliona hivi ninavyoona mimi, akapaka. Fundi uchwara! Ningemjua, ningemfuata kwake, nikamuulize mbele ya wanawe." Anajifuta mkono. "Au pengine hakuona. Tuseme hakuona. Eti, fundi?"

Msasa amefunguliwa mlango wa kuponyokea. Ni kuitikia tu, ndiyo mwalimu, pengine hakuona, na siku ingepita.

Msasa anaokota vipande vya rangi sakafuni, kimoja kimoja, kama anayevihesabu.

Mwalimu akishaondoka, mama anarudisha kigoda palepale alipokatazwa. Ameshona nguo za watu kwa cherehani miaka arobaini, na macho yake hayajastaafu. Anaangalia juu, pale rangi ya zamani inapokutana na dari. Kisha anaangalia mstari mfupi wa kijani ambao Msasa ameujaribisha kando ya dirisha.

"Wewe ni mashoto, eti?"

"Ndiyo, mama."

"Mtu akiniletea nguo, nikitazama pindo najua nani kaishona. Mkono haufichiki." Anajifunga shali vizuri. "Na aliyeshona ndiye anayejua pa kufumulia."

Anainuka na kwenda zake sebuleni.

Simu ya Msasa inaita ndani ya ndoo ya vifaa. Mikono yake ina vumbi, kwa hiyo anabonyeza kwa kifundo cha kidole na sauti ya dalali inasikika wazi.

"Dada'angu Msasa! Kijiweni wananiambia uko mtaa ule, nyumba ya mwalimu."

"Niko."

"Sikiliza. Wiki hii nina nyumba mbili, zote zako. Hapo paka, chukua chako, ondoka. Usianze kuhubiri."

"Kuna mama wa watu hapa ana pumu."

"Mimi ni daktari? Ukifungua mdomo, na mimi nitafungua wangu. Nitasema nani alishika brashi."

Msasa anautazama ukuta.

"Basi wahi," anasema, "maana na mimi naenda kusema." Anakata.

Kutoka bafuni hadi jikoni ni hatua tisa. Anazitembea akiwa bado ameshika skrepa, na mwalimu anayekatakata vitunguu anainua kichwa.

"Mwalimu, yule fundi uchwara ni mimi."

Mwalimu anatabasamu, akidhani ni utani wa mafundi. Kisha tabasamu linamtoka.

"Uliona?"

"Niliona."

"Ulijua kuna watu watakaa humu?"

"Nilijua. Ila sikuwajua nyinyi. Ndiyo maana ilikuwa rahisi."

Kisu kinawekwa mezani, taratibu mno. "Mama yangu amelala kwenye ukuta huo wiki tano. Nimemnunulia dawa mara tatu. Nilidhani ni vumbi la kuhama." Anavuta pumzi. "Toka nyumbani kwangu."

"Nitatoka. Lakini nikitoka, fundi bomba atabomoa ukuta mzima akitafuta tundu. Mimi najua lilipo. Nilisikia matone yake siku nne nilizokaa humu, kabla maji hayajakauka bombani."

Sebuleni mama anakohoa mara moja.

"Kabomoe," anasema mwalimu.

Msasa anachukua nyundo na patasi. Kigae cha kwanza kinatoka kizima, cha pili kinapasuka, cha tatu kinaanguka chenyewe na plasta yake, mbichi kama uji. Ndani, kiungo cha bomba kimeota kutu ya kijani, na tone la maji linajikusanya, linanenepa, linadondoka. Amekosea kwa upana wa vidole viwili tu.

Mwalimu ameshika simu, anarekodi. "Sema. Nani alikutuma, lini, na ulifanya nini. Sema na jina lake."

Msasa anafuta uso kwa mkono wa shati. Anasema yote, na jina la dalali analitaja mara mbili, ili lisikike.

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta," mama anatamka kutoka sebuleni, kwa kuwa mama huwa na methali hata pasipotakiwa.

"Mimi ufa niliuziba, mama," Msasa anajibu. "Ndiyo maana tunajenga ukuta."

Mama peke yake ndiye anayecheka.

Saa nane fundi bomba anafika na kubadilisha kiungo kwa muda usiotimia saa moja. Kazi iliyokwepwa miezi kumi na minne, ili dalali asigharimike, imekwisha kabla chai haijapoa. Kitanda cha mama kinahamishiwa sebuleni. Ukuta utaachwa wazi wiki tatu ukauke, na kabla ya hapo haufai kuguswa na brashi yoyote.

Msasa anafagia, anafunga ndoo yake, na kukataa malipo ya siku. Mwalimu hambembelezi apokee.

"Wiki tatu," anasema mwalimu akiwa amemgeuzia mgongo. "Utarudi kupaka?"

"Ukinikubalia."

"Sijakukubalia. Sijakusamehe pia. Lakini ufunguo nitauacha kwa jirani."

Nje ya geti Msasa anasoma ujumbe kwenye simu yake. Zile nyumba mbili amepewa fundi mwingine, na dalali ameandika kwamba asimpigie tena. Katika siku zake kumi na mbili za mwezi, zimebaki sita. Anasema ataanza kusimama kijiweni saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa moja, na atachukua hata kazi za mageti.

Anapoulizwa kama jina lake lifichwe gazetini, anakunja uso.

"Andika Msasa. Kijiweni watanijua, na kule kwingine watanijua."

Kule kwingine ni nyumba nyingine tatu za dalali yuleyule. Zote zina watu ndani sasa, na katika zote alifunika alichoambiwa afunike. Anataka kuzipitia kabla mwezi haujaisha, akiwa na nyundo na patasi, bila malipo, hata wakimfukuza mlangoni.

"Kesho naanza na ile yenye mtoto mchanga," anasema, na kubadilisha ndoo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.